Kamisheni ya Linki: Mwongozo kwa Kijana wa Moa

Kabla hujaweka linki yoyote kwenye stetasi yako, jiulize: hii kamisheni ninayoahidiwa inatoka mfukoni mwa nani? Ukilijibu swali hilo kwa uhakika, nusu ya mwongozo huu unaweza kuiruka. Ukishindwa kulijibu, linki iache.

Nakuandikia wewe uliyeko Moa, au popote pale pwani ya Mkinga, mwenye simu janja, bando la kubahatisha na muda wa jioni. Kompyuta si lazima. Ila ukubali kwanza hali ya mahali ulipo. Watu 300 wanaoona stetasi zako si umati usiokujua. Ni binamu zako, shangazi zako, wavuvi wa boti moja na kaka yako, ustadhi aliyekufundisha madrasa, na mashemeji walioko Vanga, ng'ambo ya mpaka. Kila atakayebofya utakutana naye pwani au msikitini. Kijana wa Kariakoo akimuuzia mtu kitu kibovu, atatafuta mwingine kesho. Wewe huna wengine.

Kazi yenyewe si ngeni. Wakala wa M-Pesa anaishi kwa kamisheni tangu huduma hiyo ilipoingia Tanzania mwaka 2008, na dalali wa viwanja aliishi kwayo kabla ya simu kuwapo. Mtandaoni kilichoongezeka ni alama: unapewa linki au promokodi yenye utambulisho wako, mtu akiibofya kampuni inajua katoka kwako, na akifanya kile walichokitaka, akaunti yako inaandikiwa. Amazon ilifungua mpango wake wa namna hii mwaka 1996 na mpaka leo unatajwa kama mfano. Lakini usome masharti yake uone jinsi dalali alivyo mnyonge. Alama yao hudumu saa 24 tu. Mteja akibofya leo na kununua keshokutwa, huna chako. Gemu za video na mashine zake hulipa asilimia 1. Mwezi Aprili 2020 walishusha kamisheni ya samani kutoka asilimia 8 hadi 3, na taarifa waliitoa kama wiki moja kabla. Na hata kama wangelipa vizuri, nani wa Moa ananunua kabati Amazon? Jumia, ambayo ingekuwa karibu zaidi, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, ingawa Kenya bado ipo.

Ndiyo maana ofa zinazofika kweli kwenye simu yako ni za aina tatu: kubeti, gemu za kuchezea pesa zinazoitwa michezo ya akili, na zile "kazi za mtandaoni" za kuingiza watu. Tuzipitie.

Kamisheni ya kubeti

Kampuni za kubeti hulipa mawakala wa mtandaoni kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwa kichwa: mtu akijisajili kwa promokodi yako na kuweka kiasi fulani, unapewa malipo ya mara moja. Ya pili ndiyo inayopigiwa debe zaidi, mgawo wa mapato. Wengi hutangaza asilimia 20 hadi 40, na kijana akisikia asilimia 40 "ya maisha" anaona ametoka kimaisha.

Asilimia 40 ya nini? Ya walichopoteza watu wako, baada ya kutoa walichoshinda, bonasi walizopewa, kodi na gharama. Binamu yako akiweka 10,000 na mkeka ukachanika, mapato ni 10,000. Mkeka ukitiki, mapato yanakuwa hasi, na mipango mingine hubeba hasi hiyo hadi mwezi unaofuata, kwa hiyo unaanza mwezi ukiwa na deni la ushindi wa binamu yako. Hapo ndipo unapojikuta unamwombea ndugu yako apoteze. Wazee walishasema cha mlevi huliwa na mgema, na mgema angalau hakuwa akijifanya kwamba anamsaidia mlevi kupata utajiri.

Wauza mikeka wa Telegramu ndio walioliweka jambo hili wazi bila wenyewe kutaka. Mtu anakutumia mkeka wa timu 12, "uhakika, nimeongea na watu wa ndani," na promokodi ya kujisajilia. Jiulize kwa nini mwenye uhakika asiweke pesa yake akanyamaza. Akiwa analipwa kwa mgawo, mkeka wako ukichanika yeye anakula, na timu 12 kwenye mkeka mmoja ni njia nzuri sana ya kuuchana.

Kisha kuna ndege. Aviator, gemu ya kampuni ya Spribe, inatangazwa na wenyewe kuwa inarudisha asilimia 97 ya kinachowekwa. Inasikika ni haki tupu. Asilimia 3 inayobaki hukatwa kwa kila mzunguko, na mzunguko ni sekunde chache. Wachezaji wakizungusha 1,000 yote mara 30, wastani wa kinachobaki kwa kila mmoja ni kama 400. Bandu bandu huisha gogo. Na zile programu zinazouzwa kwamba zinatabiri ndege itaondoka saa ngapi haziwezi kujua kitu ambacho hakijaamuliwa mpaka mzunguko uanze. Anayekuuzia utabiri amekwisha kupata chake: bei ya programu, na pengine kamisheni ya wewe kujisajili.

Tanzania kubeti kunahitaji leseni. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 iliweka Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na orodha ya kampuni zilizosajiliwa hupatikana kwa Bodi yenyewe. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Sasa angalia grupu lako la WhatsApp na useme kweli: wangapi humo ni wa kidato cha pili? Facebook na Instagram hazikubali tangazo la kamari lisilo na kibali chao cha maandishi, na TikTok ni kali vilevile, kwa hiyo akaunti uliyoijenga mwaka mzima inaweza kufungwa kwa linki moja. Na kwa kuwa una wafuasi upande wa pili wa Horohoro, jua kwamba Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30 mwishoni mwa Aprili 2025, na Agosti mwaka huohuo ikapata sheria mpya ya kudhibiti kamari. Tangazo lako halijui mpaka.

La dini sitalizunguka, maana ninajua ninaongea na nani. Aya ya 90 ya Suratul Maida imeweka kamari pamoja na ulevi, na masheikh wetu hawatofautiani kuhusu anayecheza. Kuhusu anayelipwa kumleta mchezaji, muulize imamu wako ukiwa umemweleza ukweli wote wa mgawo, si kumwambia tu kwamba "nafanya matangazo mtandaoni." Ninavyoona mimi, jibu utakuwa unalijua kabla hajamaliza kujibu.

Akili ni akili, dau ni dau

Hapa kuna ubishi wenye uzito zaidi. Mtu atakwambia: mimi sitangazi kubeti, natangaza mchezo wa akili. Keram ya kwenye simu, drafti, mpira wa eFootball, ludo ya pesa. Anayejua anashinda.

Sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa mchezo wa akili ni nini. Bao lina mashimo 32 na kete 64, hakuna dadu inayorushwa, na mtu akikufunga amekufunga. Drafti vivyo hivyo. Keram inataka kidole na jicho. Ludo ina dadu, kwa hiyo hapo akili inagawana madaraka na bahati. Pima mchezo wowote kwa njia hii: bingwa wa kijiji akicheza na mgeni mara 20, atashinda ngapi? Akishinda 19, ni mchezo wa akili. Wakigawana, usitumie neno akili.

Lakini tuseme ni akili tupu. Programu inaweka watu wawili, kila mmoja anatoa 1,000, mezani kuna 2,000. Mshindi anapewa 1,800 na programu inabaki na 200. Ndugu wawili wenye uwezo sawa wakicheza mara 20, programu imechukua 4,000 na wao kwa pamoja wamepungukiwa 4,000, hata kama kila mmoja ameshinda mara 10. Wewe uliyewaleta, ukipewa asilimia 20 ya makato, una 800. Wangecheza uleule mchezo barazani, pesa hiyo yote ingebaki Moa. Na wakiwa hawalingani ni vibaya zaidi: bingwa anamkausha mgeni, mgeni anaacha, na programu inakuomba ulete wageni wengine. Kamisheni yako inategemea wasiojua.

India ni mfano wa kutazamwa. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema mchezo wa karata wa rummy kwa sehemu kubwa ni wa akili. Juu ya msingi huo, miongo kadhaa baadaye, zikajengwa kampuni kubwa kama Dream11 na MPL, na vijana wengi wakawa wanaishi kwa kualika marafiki na kulipwa. Agosti 2025 Bunge la India likapitisha sheria inayopiga marufuku michezo yote ya mtandaoni ya kuchezea pesa, iwe ya akili au ya bahati, na kumgusa hata anayeitangaza. Dream11 ilisitisha mashindano yake ya pesa ndani ya siku chache. Aliyekuwa akitegemea linki ya kualika aliamka akiwa hana kazi, na neno akili halikumsaidia.

Kwa hapa kwetu, kanuni yangu ni nyepesi: mchezo wa akili wenye dau la wachezaji uchukue kama kamari mpaka Bodi ikwambie vinginevyo, na ikwambie kwa maandishi.

Ukiambiwa ulipe ili ulipwe

Kundi la tatu litanichukua maneno machache, kwa sababu dalili yake ni moja. Wakala halali hatoi pesa ili apate kazi ya uwakala. Ukiambiwa uweke 50,000 ufungue "ngazi," utazame video au ubofye matangazo kila siku, na malipo yapande ukiingiza watu chini yako, hiyo ni pesa ya anayekuja nyuma yako kulipwa aliyetangulia. Mradi wa upatu wa DECI uliwaita watu "kupanda mbegu," ukasimamishwa mwaka 2009, na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Februari 2025 ikawa zamu ya LBL, safari hii kwa kazi ndogo ndogo za kwenye simu, mpaka Benki Kuu ikatoa taarifa kwamba LBL haina leseni na polisi wakaanza kukamata watu. Majina yanabadilika, mbegu ni ileile. Upatu wa namna hii ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na anayeingiza watu hawezi kujitetea kwamba naye aliingizwa.

Wataonyesha cheti cha BRELA. Cheti hicho kinathibitisha kwamba jina la biashara limesajiliwa, basi. Hakimpi mtu ruhusa ya kukusanya pesa za watu. Vivyo hivyo kwa programu za mikopo zinazokulipa kwa kila mtu unayemwalika: Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja 69 zisizo na kibali. Shangazi yako akikopa kupitia linki yako na wenye programu wakaanza kuwapigia simu watu wote waliomo kwenye simu yake, atakumbuka nani alimletea.

Sasa ufanye nini

Nitaeleza njia moja ambayo ningemshauri mdogo wangu aianze, kwa mpangilio niliouona unafaa mahali padogo. Haileti utajiri. Inaanza kwa kulipa bando, na ikikaa vizuri inaongeza kitu nyumbani.

Anza na mchezo, maana mchezo ndio unaokusanya watu. Unda ligi ya bure. eFootball ya Konami huchezwa kwenye simu bila kununua, na vijana wengi wanayo tayari. Kwa drafti kuna lidraughts.org, na kwa sataranji lichess.org, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis. Hizi mbili ni za bure, hazina matangazo, na hata simu yenye mtandao hafifu inazimudu. Bao na keram bado ni vizuri vichezwe barazani, wewe upige picha na kuandika matokeo. Fungua grupu la WhatsApp la ligi, liwe la ligi tu. Grupu lina nafasi ya watu 1,024, lakini 40 wanaocheza kweli wana faida kuliko 900 waliobanwa humo bila kuulizwa. Kumwingiza mtu bila ridhaa, au kumpa mfanyabiashara orodha ya namba za watu, kunaweza kukugonganisha na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, achilia mbali ugomvi wa nyumbani.

Usichukue kiingilio. Hapa ndipo ligi nyingi nzuri zinapoharibika. Vijana wanachanga 1,000 kila mmoja, mshindi anabeba, na tayari umeshafungua kamari ndogo yenye jina lako. Zawadi itoke kwa mdhamini.

Mdhamini ni nani? Ni mtu ambaye watu wako wananunua kwake hata sasa. Mwenye duka la vifaa vya simu Ngamiani, Tanga mjini, ambako watu wa Moa wakienda hospitali au sokoni hupita na kununua chaja. Mshonaji wa jezi. Anayeuza bando na kusajili laini hapohapo kijijini. Mwendee na pendekezo fupi: "Kaka, nina ligi ya vijana 40. Kila wiki matokeo yanasomwa na wao na ndugu zao. Nitaweka picha za bidhaa zako na bei. Anayekuja akitaja neno LIGI MOA umeandika. Mwisho wa mwezi unanipa asilimia 8, na chaja moja iwe zawadi ya mshindi." Hiyo ndiyo linki yako. Haihitaji kompyuta, inahitaji daftari mbili, moja kwake na moja kwako, na mteja akunong'oneze kwamba amenunua ili zilingane.

Mambo manne yaandikwe kwenye ujumbe wa WhatsApp kabla ya kuanza, na yeye ajibu "sawa": asilimia ngapi, siku gani ya kulipa, bidhaa ikirudishwa kamisheni inakuwaje, na nani anamjibu mteja mwenye malalamiko. La mwisho ndilo linalosahaulika. Kitu kikifa baada ya siku tatu, mteja hamfuati mwenye duka Tanga, anakufuata wewe nyumbani. Kama mwenye duka hakubali kurudisha, usimtangaze, hata akikupa asilimia 20.

Na mwambie mteja kwamba unalipwa. Amazon wanawalazimisha mawakala wao kusema hivyo, na sheria za Marekani pia. Kwako ni adabu tu, na kwa kweli inauza. Ujumbe wangu ungekuwa hivi: "Shikamoo shangazi. Chaja hii nimeitumia mwenyewe, ipo dukani Ngamiani, 15,000. Ukitaja LIGI MOA mimi napata 1,200, bei yako haipandi. Kama huihitaji sasa, usijali." Shangazi akijua unapata 1,200, mara nyingi atataja neno hilo kwa furaha, maana anakusaidia. Akigundua baadaye kwamba ulimficha, hata kitu kizuri kitaonekana kibaya.

Tufanye hesabu bila kujidanganya. Tuseme mwezi wa kwanza watu 12 wamenunua vitu vya wastani wa 20,000. Mauzo ni 240,000, asilimia 8 ni 19,200. Kama bando lako linakula 1,000 kwa siku, umetumia 30,000. Umepata hasara ya 10,800, na hapo sijahesabu muda. Wanaokuonyesha picha za miamala ya kamisheni hawakuonyeshi upande huu. Chukua kifurushi cha wiki badala ya cha siku, weka picha mara mbili kwa wiki badala ya kukaa hewani kutwa, na uombe mdhamini agharimie bando kama sehemu ya makubaliano.

Lakini dawa kubwa iko kwingine, na ndiyo sababu nimeandika yote haya. Chaja inatoa pesa Moa na kuipeleka Tanga. Linki ya kubeti inaitoa Moa na kuipeleka usikokujua. Geuza mkondo. Una dagaa wa kukausha, una nazi, pwani ya Mkinga ina akina mama wa mwani ambao wapo wanaotengeneza sabuni, kuna mikeka ya ukili (ya kulalia, si ile ya kuchanika). Wateja wa vitu hivyo wako Dar es Salaam, Arusha, Dodoma, na wengi wao ni watoto wa hukuhuku waliohamia mjini na kukumbuka ladha. Hao ndio wafuasi wako wenye thamani, na wewe ndiye unayewajua wote wawili, mwenye dagaa na mwenye hamu.

Fungua WhatsApp Business. Ina katalogi ya kuweka picha, bei na maelezo bila malipo. Piga picha mchana kwenye kivuli, dagaa wakiwa kwenye mizani ili uzito uonekane. Kubaliana na mama mwenye mali asilimia 10, na yeye ndiye apange bei, usimwongezee mteja kimyakimya. Mteja wa Dar akichukua kilo 10 kwa, tuseme, 8,000, ni 80,000, na 8,000 ni yako. Mteja mmoja wa namna hiyo kwa wiki ni 32,000 kwa mwezi, zaidi ya wale wanunuzi 12 wote wa dukani. Nauli ya mzigo mteja ailipe, mzigo uende kwa basi, na risiti ya konda uipige picha umtumie mteja kabla basi halijaondoka. Akishaupokea na kusema uko sawa, ndipo uhesabu kamisheni yako. Wa Mombasa na Vanga wataomba pia. Mazao ya bahari yanayovuka Horohoro yana vibali vyake, kwa hiyo kazi hiyo mwachie mfanyabiashara mwenye vibali na wewe uchukue chako kwa kumletea oda.

Ligi itafanya nini hapo? Itakupa jina. Ndugu wa Dodoma anaingia kwenye grupu kuona mdogo wake kamfunga nani, anakuta dagaa. TikTok fupi ya fainali ya keram inasambaa mbali kuliko picha ya gunia. Wadhamini wa mchezo na wauza bidhaa wanaweza kuwa haohao: sabuni tatu za mwani kwa mshindi wa pili ni zawadi nzuri, na mama wa sabuni amepata tangazo.

Pesa kufika mkononi

Malipo ya ndani ni mepesi: M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas, HaloPesa. Sisitiza jina la laini lilingane na la kitambulisho chako cha NIDA, na upige *106# kuona kama hakuna laini nyingine zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, maana anayepokea pesa za watu hufuatwa na matapeli. Ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" unaujua. Namba ya aliyeutuma ipeleke 15040 kisha ufute ujumbe. Mteja wa mbali alipe kwa namba moja isiyobadilika, iliyoandikwa kwenye katalogi, ili siku mtu akijifanya wewe wajue.

Kwa malipo ya nje, kama baadaye utapata mpango wa kampuni ya kigeni, uliza njia ya kulipwa kabla ya kujisajili. PayPal ya Tanzania kwa muda mrefu imekuwa ya kununulia na kutuma, haikuwa ya kupokea, na wengi wameligundua hilo wakiwa tayari na salio. Payoneer hupokea na kupeleka benki. Anayesisitiza kukulipa kwa sarafu za kidijitali peke yake mwogope. Angalia pia kiwango cha chini cha kutoa: kama ni dola 100 na wewe unapata dola 6 kwa mwezi, utasubiri zaidi ya mwaka, na mipango mingine hufuta salio la akaunti iliyolala.

TIN ichukue TRA, ni bure, hata kabla hujapata cha kulipia kodi. Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka zuio la asilimia 5 kwa malipo ya waandaaji wa maudhui ya mtandaoni, kwa hiyo kampuni ikikukata, omba stakabadhi ya makato na uitunze. Daftari lako la kamisheni ndilo litakalokulinda siku ukiulizwa.

Kama tayari una linki ya kubeti

Wengi wenu mnayo. Andikia kampuni kwamba unafunga akaunti ya uwakala, na utoe salio lako kwanza, kwa sababu baada ya kufunga ni vigumu kulidai. Kisha rudi nyuma kwenye Facebook, Telegramu na stetasi ulizohifadhi uzifute moja moja. Linki ya mwaka juzi bado inafanya kazi, na mtu anaweza kuibofya usiku huu. Promokodi uliyoiandika kwenye wasifu wa TikTok iondoe pia. Halafu waambie watu wako kwenye grupu, kwa sentensi mbili: zile linki nilikuwa nalipwa mkipoteza, nimezitoa. Watakutania siku mbili tatu. Fanya hivyo kabla hujamwendea mwenye duka wa Ngamiani, kwa sababu akitaka kujua wewe ni mtu wa namna gani atawauliza haohao.